Sakawa wa Getembe: Alisoma nyakati bila kadi hata moja

Ukishuka matatu mjini Kisii asubuhi, cha kwanza kukupokea ni kelele. Makanga wa Keroka anashindana na wa Migori, mama wa ndizi anakuita mteja kabla hujamtazama, na boda boda watatu wanakuonyesha kidole kwa mpigo. Sogea kando kidogo usigongwe, kisha tazama huku na huku. Kuna hospitali kubwa, polisi, na ofisi za serikali. Sasa fikiria hili: wazee wa Abagusii husimulia kwamba kuna mtu aliyesimama papa hapa, pakiitwa Getembe, pakiwa vichaka na malisho tu, akaonyesha mahali polisi watakapokaa na mahali wagonjwa watakapotibiwa. Wakati huo hakuna jiwe lililokuwa limewekwa juu ya jingine.

Mtu huyo aliitwa Sakawa, mwana wa Ng'iti. Wengine huandika Sakagwa. Kama umekulia Kisii au Nyamira, jina hili umelisikia kwa babu. Kama umekulia Umoja au Kayole na ushago unaenda Desemba tu, huenda hili ni jipya kwako.

Nakuletea stori yake kwa sababu ya jambo ulilofanya jana usiku. Ulikuwa umelala chali, simu usoni, ukafika kwenye video ya dada mmoja anayepanga kadi za tarot mezani. Akakwambia uchague moja kati ya tatu. Ukachagua ya katikati, kisha ukangoja akueleze kama kazi itapatikana, kama yule aliyekuacha atarudi, au kama nchi hii inaelekea pazuri. Usione haya, hauko peke yako. Tangu Juni 2024, vijana walipojaa barabarani Nairobi, Kisii na miji mingine kupinga Mswada wa Fedha, hata wasiopenda siasa wanajiuliza kesho itakuwaje.

Tarot zenyewe hazikuanza na mizimu. Zilianza Italia karne ya 15 zikiwa karata za kucheza tu. Ziko 78. Mtindo wa kuzipigia ramli ulishika Ufaransa kuelekea mwisho wa karne ya 18. Zile picha unazoziona sana kwenye simu zilichorwa na mwanamke aitwaye Pamela Colman Smith, zikachapishwa London mwaka 1909. Weka mwaka huo akilini, tutaurudia.

Kadi haijui jina lako wala haijui una deni la Fuliza. Inakupa picha, halafu wewe unaijaza kwa yaliyo moyoni mwako. Kwa hiyo swali langu si kama kadi ni kweli au uongo. Swali ni hili: unaitumia ili ufikiri, au ili uache kufikiri? Maisha ya Sakawa, na zaidi yale yaliyotokea baada yake, yanalijibu swali hilo vizuri kuliko mahubiri yangu.

Sakawa aliishi nusu ya pili ya karne ya 19, kwenye milima ambayo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira. Hakuacha maandishi yoyote. Tunayoyajua yametoka kwa wazee waliosimuliwa na wazee, na kwa maafisa wa kikoloni ambao jina lake liliwanyima usingizi hata alipokuwa hayupo tena.

Usimchanganye na mganga wa kawaida. Abagusii walikuwa na omoragori, mara nyingi mwanamke, ambaye ulimwendea mtoto akiugua au ng'ombe wakifa bila sababu. Yeye alikutafutia chanzo cha balaa na kukueleza sadaka ya kutoa. Shida ilikuwa yako, na jibu lilikuwa lako. Mtabiri wa aina ya Sakawa alikuwa kitu kingine. Hakungoja mteja abishe hodi. Alizungumzia mambo ya watu wote.

Na mambo yalikuwa mazito. Kila upande kulikuwa na jirani wa kugombania naye ng'ombe na malisho: Wakipsigis, Wamaasai, Wajaluo. Abagusii nao walikuwa wamegawanyika kwa koo. Kitutu walikuwa na lao, Nyaribari lao, Bassi lao, vivyo hivyo Majoge, Mugirango na Wanjare. Ukoo mmoja ukivamiwa, mwingine ungeweza kukaa kimya ukishukuru si zamu yake. Kama hali hiyo inakukumbusha kitu unachokiona leo kila uchaguzi ukikaribia, mimi sijasema.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 kulitokea vita vya Saosao. Wakipsigis walikuja kwa nguvu, wakashindwa vibaya na kupoteza vijana wengi sana. Masimulizi ya Abagusii yanampa Sakawa sehemu kubwa ya ushindi ule, kwamba ndiye aliyewaandaa wapiganaji na kuwashauri. Leo Wakipsigis na Abagusii wanauziana ng'ombe na kuoana, kwa hiyo nisingependa uibebe hadithi hii kama ya kujigamba. Ibebe kwa jambo moja tu: nguvu ya mtabiri ilikuwa katika kuwafanya watu watazame hatari ileile kwa wakati mmoja.

Kisha akaanza kuzungumza juu ya wageni. Masimulizi yanasema alitabiri kuja kwa watu wa rangi nyingine, na kwamba mashujaa watanyang'anywa mikuki yao. Hapo ndipo ile hadithi ya Getembe inapoingia, Sakawa akionyesha mahali pa kila jengo.

Alijuaje? Chagua mwenyewe. Ukiwa mtu wa imani, utasema alionyeshwa. Ukiwa wa kushuku kila kitu, utasema hadithi ilinogeshwa baada ya mji kujengwa, na huwezi kulaumiwa, maana hadithi hunoga kila zinaposimuliwa. Mimi nina wazo la tatu. Katika miaka hiyo ya 1890 Waingereza walikuwa tayari na kituo Mumias. Desemba 1901 reli ilifika ziwani, mahali tunapopaita Kisumu leo. Kati ya ziwa na milima ya Gusii watu walibadilishana nafaka, majembe na mifugo, na pamoja na bidhaa zilipita habari. Mtu anayesikiliza kuliko anavyoongea angeweza kuunganisha hizo habari akajua kinachokuja. Wengine walisikia umbea wa sokoni. Yeye huenda alisikia nyakati zikibadilika.

Mnamo 1902 hivi, Sakawa akatoweka. Walio wengi hawakukubali kwamba amekufa. Walisema ameondoka tu, na kwamba siku moja atarudi. Hapo maisha yake ya kwanza yakaisha, yakaanza ya pili, ya mtu asiyekuwepo lakini anayetajwa kila kukicha.

Wageni walikuja kweli, na walikuja na bunduki. Mwaka 1905 kikosi cha Waingereza kilipanda milimani na bunduki ya rashasha na kuua watu wengi waliokuwa na mikuki. Mwaka 1907 afisa mmoja kijana, Geoffrey Northcote, akaletwa kutawala. Mji ukaanza kuota pale Getembe, na watu wakauita Bosongo, yaani kwa Wazungu. Januari 1908, kwa kuchochewa na mama mmoja mtabiri aitwaye Moraa, kijana Otenyo alimchoma Northcote mkuki. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa, na hadi leo kuna madai kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza. Vijiji vilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa na watu wakauawa kwa wingi kiasi kwamba Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, alituma telegramu kulalamika.

Sasa rudi kwa ule mwaka wa 1909. Milima hii ilikuwa haijamaliza matanga wakati Pamela Colman Smith anachora London kadi iitwayo Mnara: jengo refu limepigwa radi na watu wanaanguka kutoka juu. Hakuijua Kisii. Lakini mweke mzee wa Nyamira mbele ya picha ile uone kama atahitaji kuelezwa. Kwanza, radi anaijua, imeua watu wengi huku kwetu. Pili, anajua vile maisha yote yanaweza kuporomoka kwa asubuhi moja. Hiyo ndiyo kazi nzuri ya picha. Inakupa mahali pa kuanzia kusema jambo ambalo ulikuwa huna pa kulianzia.

Lakini kuna kazi mbaya. Baadhi ya watu waliamini Sakawa alisema kwamba Wazungu wataondoka. Septemba 1914, Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, Wajerumani waliingia Kisii kutoka upande wa Tanganyika, na maafisa wa Kiingereza wakahama mji. Jiweke kwenye viatu vya kijana wa wakati huo. Umelipishwa kodi ya kibanda, umemzika ndugu yako, na leo unaona kwa macho yako bwana mkubwa akikimbia. Ungesema nini? Wengi walisema ndiyo hii, siku imefika. Wakaingia mjini na kwenye vituo vya misheni, wakabeba walichoweza kubeba.

Tarehe 12 mwezi huo kulipiganwa, Wajerumani wakarudi walikotoka, na Waingereza wakarudi Bosongo wakiwa na hasira. Watu waliadhibiwa, na mifugo yao ikachukuliwa. Neno lililokuwa la kuwapa watu macho lilikuwa limegeuzwa ratiba, na ratiba ilikosea.

Hata hivyo matumaini hayakufa. Mwaka 1913, kule Alego, mtu aitwaye Onyango Dunde alikuwa ameanzisha dini ya Mumbo, iliyoahidi mwisho wa utawala wa Wazungu. Ilipopanda hadi Gusii ilikutana na jina la Sakawa, na miaka iliyofuata wapo waliomngoja arudi. Serikali iliwakamata viongozi na kuwahamishia mbali, na mwaka 1954 ikapiga Mumbo marufuku kabisa. Usiwacheke wale waliongoja. Mtu anayefanyishwa kazi kwa nguvu anahitaji kusikia kwamba hali hii haitadumu milele. Na haikudumu, bendera ilishuka 1963. Waliopata hasara kubwa ni wale waliodhani wamejua siku yenyewe.

Nimebakisha jambo moja, na ndilo lililonifanya niandike. Mei 2008, katika eneo hili letu, wazee 11 walichomwa moto hadi kufa wakidaiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wanne wa umri mkubwa wakauawa kwa madai hayohayo. Mambo kama haya huanza vipi? Kunatokea jambo baya. Mtoto anaugua, radi inapiga, kijana anapatikana hajitambui. Watu wanauliza kwa nini, na hilo ni swali halali. Kisha mtu mmoja anajibu kwa kutaja jina, na jina lenyewe ni la nyanya mmoja mjane mwenye shamba zuri karibu na barabara.

Usidhani wewe uko mbali na hapo kwa sababu una data na unaishi mjini. Mara ngapi ile video imekwambia kuna mtu wa karibu anayekuonea wivu, anayezuia nyota yako? Na mara ngapi umeshuka kitandani ukiwa tayari na jina la shangazi au la rafiki mnayekaa naye chumba kimoja? Hujamchoma mtu, sawa. Lakini umekata simu zake wiki mbili kwa sababu ya karata iliyoanza kama mchezo wa Waitaliano.

Katika hadithi zote za Sakawa ninazozijua, hakuna hata moja anayoonyesha kidole nyumba ya jirani. Anaonyesha njia ambayo hatari itapita. Anaonyesha mahali mji utakapokaa. Anawaambia watu wafungue macho, kisha anawaachia kazi ya kuamua.

Kwa hiyo ukitaka kuchomoa kadi, chomoa. Sitakuzuia, wala sitamwambia mama. Ukipata Mnara, jiulize ni kitu gani maishani mwako au nchini mwako kina nyufa ambazo umekuwa ukipita kando yake kila siku. Jiulize unaweza kufanya nini kuihusu kabla ya jioni. Ukiona jibu limeanza kuwa jina la mtu, rudisha kadi, mpigie huyo mtu, mwulize amelala aje.

Na ukienda ushago Desemba, tenga siku moja upande Manga, upande wa Nyamira. Ukifika ukingoni, Kisii mjini itakuwa chini yako, mabati yaking'aa, na anga ikiwa safi utaona hadi ziwa. Weka simu mfukoni. Tazama mahali ambapo bado hakuna kitu, ujiulize kutajengwa nini, na ni nani atakayejenga.