Abubakar Muhammad bin Zakaria al-Razi

Alizaliwa Rayy, karibu na Tehran ya leo, yapata mwaka 865 wa Miladi. Aliongoza hospitali ya mji wake, kisha ya Baghdad, na aliandika kubainisha tofauti ya ndui na surua. Katika Kitabu cha Siri alieleza vyombo vya kimia, akavigawa vitu mafungu matatu: vya wanyama, vya mimea na vya ardhini. Hakutosheka na kusikia. Alichoma, akayeyusha, akachuja, akapima. Alifariki yapata 925, hali macho yamepofuka. Nasi leo twajifakhiri kwa jina lake, na kazi yake tumewaachia wengine. Ndugu zetu, tuwapeleke watoto maabara kama tuwapelekavyo chuoni. Kote mna ilimu.