Clement Gillman: Mhandisi wa Reli Iliyopita Kwetu

Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wanaijua Gillman's Point, pale ukingoni mwa kreta, mita 5,685 juu ya usawa wa bahari. Wachache wanajua kwamba mwenye jina hilo alikuwa mhandisi wa reli, na kwamba sehemu ya kazi yake ilipita Saranda, Manyoni na Itigi.

Clement Gillman alizaliwa Madrid, Hispania, mwaka 1882. Baba yake alikuwa Mwingereza, mhandisi. Mama yake Mjerumani. Kwa hiyo kazi ya uhandisi aliiona nyumbani kabla hajaisoma darasani, bahati ambayo watoto wetu wengi hawana. Alisomea uhandisi wa ujenzi katika chuo kikuu cha ufundi cha Zürich, Uswisi, na mwaka 1905, akiwa bado kijana, akateremka Dar es Salaam kujenga Reli ya Kati iliyokuwa inaanza.

Hapo ndipo alipopata shule ya pili. Reli ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ramani ya darasani haikumwambia mtu namna ya kulipandisha garimoshi kutoka bonde la Bahi hadi Manyoni. Ilibidi kutembea, kupima, na kupima tena. Boma la Kilimatinde, lililokuwa kubwa enzi hizo, liliachwa kando, na Manyoni ikakua kwa sababu ya stesheni.

Baada ya vita alifanya kazi chini ya Waingereza na kupanda hadi kuwa Mhandisi Mkuu wa Reli za Tanganyika. Katika miaka yake ya mwisho ya cheo hicho ilijengwa reli ya kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri. Wazee wa Mkalama wanaisimulia hadi leo, maana mizigo haikutosha, na katika miaka ya 1940 reli ile iling'olewa.

Mwaka 1936 alichapisha ramani ya makazi ya watu wa Tanganyika, iliyoonyesha wazi kwamba watu wanafuata maji. Alipostaafu reli akawa mshauri wa serikali wa mambo ya maji. Nasi wa nyanda kame tunajua uzito wa kazi hiyo. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1946.

Lakini tuseme ukweli wote. Tuta la reli lilibebwa kwa mabega ya Waafrika, na mlango wa kuwatoa kwenye koleo kuwapeleka kwenye darubini ya kupimia ardhi haukuwepo. Shule ya ufundi Ifunda ilianza 1951, chuo cha ufundi Dar es Salaam 1957, na kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 1973, miaka 27 baada ya kifo chake.

Sasa milango ipo. Kijana anaweza kwenda kidato cha sita kisha chuo kikuu, au kuanzia VETA, akaenda stashahada na kupanda ngazi hadi shahada. Reli mpya ya kisasa ya Makutupora hadi Tabora nayo inapita palepale, Manyoni na Itigi. Kinachowakwamisha wengi wa vijana wetu ni ada, nauli na vifaa vya kuchorea.

Mfuko wa elimu wa chama unachangisha kwa ajili hiyo mwaka huu. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho.