Nabongo Mumia: Mwenyeji wa Wasafiri wa Wakati

Mpenzi wa filamu anayeketi katika ukumbi wa video pale sokoni Ekero, mwendo mfupi tu kutoka mji wa Mumias, hatakosa siku moja kukutana na kisa cha mtu wa zama zetu anayejikuta ametupwa katika zama za kati. Kisa hicho kina umbo moja ingawa filamu ni nyingi. Mgeni huangukia katika ua wa mfalme, akatiwa mbaroni, akaponea kwa hila ya kisayansi, hatimaye akawa mshauri mkuu wa mfalme yule yule aliyetaka kumwangamiza. Asili ya wengi wa wasafiri hawa ni riwaya ya Mmarekani Mark Twain iliyochapishwa mwaka 1889, ambapo msimamizi wa kiwanda cha silaha mjini Hartford anazindukia katika enzi ya Mfalme Arthur, karne ya 6. Ajuaye lini jua litapatwa hujifanya ndiye alizimaye. Riwaya hiyo ilitengenezewa filamu mwaka 1921, 1931, 1949, na tena mwaka 1979, safari hii msafiri akiwa mwanaanga.

Katika filamu hizi zote macho yetu huelekezwa kwa mgeni. Ni nadra mno mtazamaji kujiuliza mfalme aliyetembelewa aliona nini. Makala haya yananuia kuligeuza swali hilo kwa kuyasimulia maisha ya mfalme mmoja wa kweli, ambaye ua wake ulikuwa jirani kabisa na Ekero, naye akawapokea wageni walioamini kwamba wamerudi nyuma katika wakati. Mfalme huyo ni Nabongo Mumia wa Wawanga.

Mumia alikuwa mwana wa Nabongo Shiundu, na makao ya utawala yalikuwa Elureko, karibu na mto Nzoia. Alitawazwa takriban mwaka 1882 baada ya kifo cha babake. Ufalme aliourithi haukuwa umelala usingizi wa karne nyingi kama zile nchi za kwenye filamu. Ulikuwa na uhasama na majirani, hasa Wajaluo wa Ugenya upande wa kusini na Wabukusu upande wa kaskazini, na ulikuwa tayari umezoeana na misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani. Misafara hiyo ilifuata pembe za ndovu. Ikaleta nguo, shanga, bunduki, dini ya Kiislamu, na lugha ya Kiswahili. Wasomi wa Kiswahili wanaoshangaa ni kwa nini lugha hii ina mizizi Mumias kabla ya kuwapo kwa shule ya serikali yoyote wana jibu hapa. Mumia mwenyewe baadaye alisilimu, na wengi wa jamaa zake wakamfuata.

Mwishoni mwa mwaka 1883 ndipo alipofika Joseph Thomson, Mskoti wa umri wa miaka 25, akiwa ametumwa na Jumuiya ya Kijiografia ya London. Alimkuta Shiundu amekwisha kufariki na kijana Mumia akiwa kitini. Njiani, katika nchi ya Wamaasai, Thomson alikuwa amejipatia sifa ya uganga kwa kuchomoa na kurudisha meno yake mawili ya bandia, na kwa kutia chumvi ya tumbo katika maji hadi ikatoa povu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1885. Mwaka huo huo Rider Haggard alitoa riwaya yake ya machimbo ya Mfalme Sulemani, ambamo mna meno ya bandia yanayowashangaza Waafrika na giza la kupatwa linalowatisha. Miaka 4 baadaye Twain naye akamtumia mgeni anayejua siku ya kupatwa kwa jua. Hivyo basi, ile hila ambayo mtazamaji wa Ekero huicheka katika filamu ina ndugu yake katika safari ya mtu aliyepita papa hapa kwa miguu.

Tofauti ni kwamba Mumia hakuwa mtu wa kuduwazwa na povu. Husimuliwa miongoni mwa Wawanga kwamba Shiundu alimwachia mwanawe wasia wa kutowapiga vita wageni weupe watakaotoka mashariki. Iwe ni wasia au ni hekima yake mwenyewe, Mumia alimpima mgeni kwa kipimo cha siasa: je, mtu huyu atanifaa dhidi ya adui zangu? Aliwapa wageni chakula na mahali pa kupumzika, akawa anahesabu faida. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mumia aliukaribisha ugeni akiutarajia uponyaji huo.

Oktoba 1885 alifika Askofu James Hannington, akiwa na hamu ya kuingia Buganda kwa njia ya mkato ya mashariki. Aliuacha sehemu kubwa ya msafara wake kwa Mumia, akaendelea na watu wapatao 50. Tarehe 29 Oktoba aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, pamoja na wengi wa wapagazi wake. Manusura wachache walirudi Elureko na habari hizo. Mabaki ya askofu yalipopatikana yalifikishwa Mumias, kisha yakazikwa Namirembe mwaka 1892. Katika filamu mgeni hafi. Ni wenyeji wanaokufa. Mumia aliuona ukweli kwamba mgeni naye ni nyama na damu.

Novemba 1889 aliwasili Frederick Jackson wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Akiwa ameondoka kuelekea upande wa Mlima Elgon, mapema mwaka 1890 akatokea Mjerumani Carl Peters, ambaye alizifungua na kuzisoma barua za Jackson zilizokuwa zikimngoja, kisha akaharakisha kwenda Buganda. Mataifa mawili makubwa ya Ulaya yalikuwa yakikimbizana mlangoni pa Mumia. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba, na kwa mkataba huo nchi yake ikawekwa upande wa Waingereza bila ya yeye kuulizwa. Mtu anayeamuliwa mambo yake leo katika meza ya mbali si mtu wa zama za kati. Ni mtu wa zama zile zile za wanaomwamulia, isipokuwa hakupewa kiti.

Kuanzia miaka ya 1890 Elureko, ambayo sasa wageni waliiita kwa jina la mwenyeji wao, ikawa kituo kikuu cha misafara baina ya Mombasa na Uganda. Wapagazi walipata unga na kuku, maafisa wakapata askari wa kuwasaidia. Charles Hobley alipoketishwa hapo kuwa mtawala wa eneo zima, Mumia alimpa wapiganaji. Mwaka 1895 jeshi la serikali, likisaidiwa na Wawanga na washirika wengine, liliwashambulia Wabukusu huko Lumboka na Chetambe. Wabukusu walijikinga nyuma ya kuta za udongo na mahandaki, nao wakauawa kwa mamia na silaha za kisasa.

Hapa msomaji na aikumbuke tena riwaya ya Twain. Mwishoni mwake mgeni huyo mcheshi anawaua maelfu ya mashujaa wapanda farasi kwa nyaya za umeme na bunduki za rashasha. Filamu ya mwaka 1949 iliyaacha mauaji hayo, ikabaki na nyimbo na mapenzi. Nasi tunaposimulia habari za Mumia aghalabu tunabaki na ukarimu, tukayaacha ya Chetambe. Haifai. Mzee wa Kibukusu anayelitaja jina la Mumia kwa uchungu ana haki ya kusikilizwa, sawa na Mwanga anayelitaja kwa fahari.

Tarehe 1 Aprili 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda, Mumias ikiwemo, ulihamishiwa himaya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1909 Mumia alitangazwa rasmi kuwa chifu mkuu wa wilaya ya Kavirondo Kaskazini. Jamaa zake wakatumwa kutawala watu ambao hawakuwahi kumtambua nabongo yeyote: Mulama kule Marama, Murunga kule Kimilili. Kwa kuutazama ukubwa wa eneo, hakuna nabongo aliyewahi kufika hapo. Lakini ulikuwa ukubwa wa kuazima, na wengi wa waliotawaliwa waliuchukia.

Mwazimaji naye alikuwa ameanza kuondoka. Desemba 1901 reli ilifika Kisumu, na misafara ikakosa sababu ya kupita Mumias. Mwaka 1920 makao ya wilaya yalihamishiwa Kakamega. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 mzee Mumia alikwisha kustaafishwa. Aliishi zaidi ya miaka 20 baadaye, akiitazama serikali aliyoisaidia kusimama ikiendelea bila ya kumhitaji. Alifariki mwaka 1949 akiwa mkongwe. Mwaka huo huo ndio ilipotoka ile filamu ya nyimbo na mapenzi ya Mfalme Arthur.

Tunajifunza nini? Kwanza, kwamba hakuna aliyewahi kusafiri nyuma ya wakati kwa kupanda kutoka Mombasa hadi Nzoia. Thomson na Mumia waliishi mwaka mmoja, chini ya jua moja, na kila mmoja alikuwa akifanya hesabu zake. Kumwita mwenzako mtu wa kale ni hatua ya kwanza ya kumnyima kiti mezani. Pili, kwamba Mumia hakuwa mjinga wa kuchezewa wala msaliti wa kulaaniwa kwa neno moja tu. Alikuwa mtawala aliyechagua mshirika mwenye nguvu kuliko alivyokadiria. Hilo ni kosa ambalo hata watawala wa leo hawajalipona.

Zaidi ya yote, katika filamu mgeni huamka akajikuta kwao, na ua wa mfalme hutoweka pamoja na ndoto. Ua wa Mumia haukutoweka. Kaburi lake liko Matungu, jina lake liko mjini, na Kiswahili kilicholetwa na misafara kingali kinasemwa katika soko la Ekero. Kazi iliyobaki ni yetu sisi tunaokisoma: kukisimulia kisa hiki tukiwa tumesimama upande wa ua, badala ya kukitazama kwa macho ya anayeingia langoni.