Lord Rayleigh na mawimbi yanayopima ugumu wa vitu

Mnunuzi wa chungu sokoni hukigonga kwa kidole kabla ya kutoa pesa. Mlio ukififia, anajua kuna ufa. Maabara za leo hufanya jambo linalofanana na hilo kwa kutumia hadubini ya sauti, na hesabu muhimu ya kazi hiyo iliandikwa mwaka 1885 na Mwingereza John William Strutt, maarufu kama Lord Rayleigh. Sisi tunaokula kwa sauti tumeona tumsimulie.

Alizaliwa Novemba 12, 1842, huko Essex, katika familia ya kikabaila yenye mashamba makubwa. Utotoni aliugua mara kwa mara na masomo yakawa ya kukatikakatika. Hata hivyo, mwaka 1865 aliibuka wa kwanza katika mtihani wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge.

Alimwoa Evelyn Balfour mwaka 1871. Mwaka uliofuata homa ya baridi yabisi ilikaribia kumuua, akaenda Misri kutafuta joto. Ndani ya mashua kwenye Mto Nile, mto huohuo unaotoka Ziwa Victoria letu, akaanza kuandika kitabu chake kikubwa kuhusu sauti. Hakuwa na maabara, alikuwa na karatasi na muda.

Baba yake alifariki mwaka 1873, naye akarithi ulodi. Aliongoza maabara ya Cavendish tangu 1879 hadi 1884, kisha akarudi kufanyia utafiti nyumbani kwake Terling.

Mwaka mmoja baadaye alionyesha kwa hesabu kwamba kitu kigumu hubeba wimbi linalotambaa juu ya uso wake, likififia kadiri unavyokwenda ndani. Alihisi kwamba lina nafasi katika matetemeko ya ardhi, na ikawa kweli. Lakini dunia ilimtunza kwa kazi nyingine: Tuzo ya Nobel ya mwaka 1904 ilitokana na vipimo vya gesi na ugunduzi wa agoni. Kwetu sisi, kurasa zile za 1885 hazina uzito mdogo kuliko agoni. Alifariki Juni 30, 1919.

Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Calvin Quate na Ross Lemons walionyesha hadubini yao ya sauti. Lenzi hupeleka sauti isiyosikika kwa sikio kupitia tone la maji hadi kwenye kitu kinachopimwa. Sauti nyingine hurudi moja kwa moja, nyingine hutambaa kwanza juu ya uso kama wimbi la Rayleigh, ndipo irudi. Lenzi ikisogezwa karibu, sauti hizo mbili mara husaidiana, mara huuana. Umbali kati ya sehemu moja zinapouana na inayofuata hutoa kasi ya wimbi, na kasi hiyo, pamoja na uzito wa kitu kwa ujazo wake, humwambia mtafiti ugumu wake bila kukikata.