Simba wa Witu: Fahari ya Waswahili na upande wake wa pili

KATIKA historia ya Waswahili wa Pwani ya Kenya, ni watawala wachache waliosifiwa kwa ukakamavu kama Sultan Ahmed bin Fumo Luti, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Simba. Sifa hizo alizistahili. Hata hivyo, maisha yake yana mambo ambayo wanaomsifu hupenda kuyapita kimya.

Simba alitoka katika ukoo wa Wanabahani, uliotawala Pate kwa karne nyingi. Alipokuwa mtu mzima, dola hiyo ilikuwa imechoshwa na vita dhidi ya Lamu na ugomvi wa warithi wa kiti. Mpasuko huo wa ndani ndio uliowafungulia mlango masultani wa Zanzibar. Simba alikataa kuwa chini ya Seyyid Majid. Alihamia Siyu, na mambo yalipomwendea vibaya huko alivuka bara na kutua Kau.

Kau, ambayo leo ni kijiji katika Kaunti ya Tana River, ilikuwa bandari ya Mto Ozi, juu kidogo ya Kipini. Mitumbwi iliyobeba mchele wa Wapokomo ilitoka Mto Tana, ikapita mfereji wa Belezoni na kuingia Ozi, kisha bidhaa zikasafirishwa hadi Lamu. Lakini mto ulioleta mchele uliweza pia kuleta askari wa Zanzibar. Katika miaka ya 1860, Simba aliondoka na kujenga makao yake Witu, ndani ya msitu mnene.

Huko alidumu kwa zaidi ya miaka 20. Alikusanya watu wa kila namna: Waswahili waliomfuata kutoka visiwani, wawindaji wa Kiboni, na watoro, yaani watumwa waliokimbia mashamba ya Lamu na Malindi. Watoro walipata ardhi ya kulima na silaha za kujilinda. Kwa mtu aliyekuwa ametoroka minyororo, Witu ilikuwa kimbilio la kweli.

Huo ndio upande unaopendwa kusimuliwa. Upande wa pili ni kwamba Witu yenyewe ilikuwa na watumwa. Baadhi ya wafuasi wa Simba walivamia vijiji vya jirani na kuteka watu, na Wapokomo wa Mto Tana, ambao jasho lao liliilisha pwani, walidaiwa sehemu ya mavuno yao. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: mtawala aliyekataa kutawaliwa na Zanzibar hakuwaondolea wanyonge wake mzigo huo huo.

Aprili 8, 1885, akitafuta ngao dhidi ya Sultan Barghash, Simba alimpa Mjerumani Clemens Denhardt eneo la ardhi. Mei 27 mwaka huo, Ujerumani ilitangaza kuilinda Witu. Barghash alipinga, lakini mwezi Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga Zanzibar na kumlazimisha kukubali.

Ulinzi huo ulikuwa na bei yake. Katika mkataba wa 1886, Uingereza na Ujerumani zilichora mpaka wa ukanda wa pwani wa Zanzibar, na Kau, mji uliowahi kumhifadhi Simba, ukawekwa upande wa Zanzibar. Mwaka wa 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza Witu bila kuwauliza wenyeji. Septemba mwaka huo Wajerumani kadhaa waliuawa Witu, na mwezi Oktoba majeshi ya Uingereza yaliuteketeza mji huo. Simba alikuwa amekwisha kufariki. Aliyebeba msiba huo ni mrithi wake, Fumo Bakari.

Ni rahisi kuwalaumu wageni peke yao, na lawama kubwa ni yao. Lakini ugomvi wa Pate, utumwa wa Witu na karatasi ya 1885 vilikuwa kazi ya wenyeji. Heshima ya Simba haipungui haya yanaposemwa. Kinachopungua ni uwezekano wa kizazi kingine kumkaribisha mgeni mwenye nguvu ili amshinde ndugu yake, kisha kushangaa mgeni huyo anapokataa kuondoka. Na mkulima wa Kipokomo aliyetoa mchele wake pale Ozi naye ana haki ya kutajwa katika historia hiyo.