Tschiffely: Mwalimu aliyevuka mabara mawili na farasi wawili wazee

MBIO za farasi tunazozifahamu wengi wetu ni zile za kwenye televisheni. Waliobahatika kuishi Nairobi huenda wameziona pale Ngong. Geti linafunguliwa, farasi wanatoka shoti, watu wanapiga kelele, na kabla hujauliza nani anaongoza mambo yamekwisha. Hata ile Derby maarufu ya Epsom, Uingereza, ni ya kilomita mbili na nusu hivi, na mshindi hupatikana chini ya dakika tatu.

Zipo mbio nyingine ambazo hazisemwi sana. Hizo ni za kilomita mia moja, mia saba, hata elfu. Ni chache duniani, na uchache wake una sababu. Binadamu anayekimbia marathoni anajua amebakiza kilomita ngapi, na akichoka anakaa pembeni akaomba maji. Farasi hajui mwisho uko wapi. Ataendelea kwenda mpaka aanguke, iwapo aliyempanda hana huruma.

Ushahidi upo. Mwaka 1892 maofisa wa jeshi wa Ujerumani na wa Austria-Hungary walishindana kati ya Berlin na Vienna, umbali wa karibu kilomita 580. Mshindi, ofisa wa Austria aitwaye Starhemberg, alitumia saa 71 na dakika kadhaa. Farasi wake alikufa baada ya ushindi huo, na hakuwa peke yake. Farasi wengine wengi walikufa kwa kuchoshwa.

Ndiyo maana nikiulizwa nani aliyewaonyesha watu namna ya kwenda mbali na farasi bila kumuua, simtaji mtu yeyote aliyenyakua kombe. Namtaja mwalimu wa shule ambaye hakushindana na mtu. Jina lake ni Aimé Félix Tschiffely.

Kwetu jina hili ni geni, na si ajabu. Sehemu kubwa ya ukanda wetu farasi hakuota mizizi, kwa sababu mbung'o na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi vilimmaliza mapema. Lakini Argentina, nchi iliyojengwa juu ya mgongo wa farasi, Tschiffely ni mtu mkubwa.

Alizaliwa Uswisi Mei 7, 1895. Akiwa kijana alihamia Uingereza, akafundisha shule huku akicheza soka na kupigana ngumi. Baadaye alivuka bahari kwenda Argentina, akapata kazi ya ualimu katika shule ya Kiingereza ya St. George's, mjini Quilmes, karibu na Buenos Aires. Maisha hayakuwa mabaya. Mshahara ulikuwepo, likizo zilikuwepo. Lakini mwalimu huyu aliona miaka inakwenda, na kila mwaka unafanana na uliotangulia.

Wakati huo Argentina palikuwa na mjadala juu ya farasi wa kienyeji waitwao Criollo. Hawa ni kizazi cha farasi walioletwa na Wahispania katika karne ya 16. Wengi walitoroka au kuachwa, wakazaliana porini kwa mamia ya miaka. Wale dhaifu walikufa kwa baridi, njaa na ukame. Waliobaki wakawa wafupi, wenye mifupa minene, wasio na maringo kwenye chakula.

Wafugaji wenye fedha hawakuwapenda. Wao walitaka farasi warefu wa Ulaya, wenye shingo nzuri na mwendo wa kasi. Wakaagiza madume kutoka ng'ambo na kuwachanganya na majike ya kienyeji, mpaka Criollo halisi akawa wa kutafutwa. Nadhani msomaji anaielewa habari hii vizuri. Nasi tunao ng'ombe na kuku wa kienyeji waliodharauliwa kwa namna hiyo hiyo.

Mtu mmoja alikataa. Dk. Emilio Solanet, daktari wa mifugo na mfugaji, alikwenda mkoa wa Chubut, kusini mwa nchi, mwaka 1911, akanunua farasi kwa Wahindi wa kabila la Watehuelche waliokuwa bado na mbegu safi. Akawapeleka kwenye shamba lake la El Cardal, wilaya ya Ayacucho. Alikuwa akiamini kwamba hakuna farasi mvumilivu kama Criollo, lakini imani peke yake haikutosha kuwashawishi matajiri.

Hapo ndipo mwalimu Tschiffely alipobisha hodi. Alikuwa na wazo la kupanda farasi wa Criollo kutoka Buenos Aires mpaka Marekani. Solanet alimpa farasi wawili, Mancha na Gato. Hawakuwa vijana. Mmoja alikuwa na miaka 16 na mwenzake 15, umri ambao farasi wengi wa mbio wamekwisha kustaafu zamani. Mancha alikuwa wa mabakamabaka, mkali, asiyependa kuguswa na wageni. Gato alikuwa wa rangi ya udongo, mpole na msikivu zaidi.

Watu walisema mwalimu amerukwa na akili. Kusema kweli, mimi nisingewalaumu. Mpandaji hakuwa mzoefu wa safari za namna hiyo, farasi walikuwa wazee, na mbele yao palikuwa na milima ya Andes, jangwa, misitu na nchi zenye vita. Wakianguka njiani, maneno ya wanaomdharau Criollo yangekuwa yamethibitishwa mbele ya dunia nzima, na kazi ya Solanet ingekuwa bure.

Aprili 1925 waliondoka Buenos Aires. Utaratibu ulikuwa mmoja tangu mwanzo. Farasi mmoja hubeba mtu, mwenzake hubeba mizigo, kisha hubadilishana. Penye mteremko mkali au njia mbaya, mwalimu alishuka akatembea kwa miguu yake. Jioni, kabla hajafikiria tumbo lake, aliwatafutia wao maji na majani.

Walipanda Andes na kuingia Bolivia, wakapita Potosí, mji ulio zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mgeni hutweta kwa kupanda ngazi tu. Farasi hawa waliozaliwa kwenye nyanda za chini hawakushindwa. Wakapita kando ya Ziwa Titicaca, wakaingia Peru.

Huko Peru nusura safari iishe. Kwenye njia nyembamba ya mlimani Gato aliteleza, akaporomoka kuelekea korongoni. Mti mmoja tu ndio uliomzuia. Akabaki pale ametulia, huku akilia kuomba msaada. Ilibidi mwalimu amteremkie na kumfunga kamba ndipo akavutwa juu. Fikiria kama Gato angefurukuta kwa hofu, kama farasi wengi wangefanya. Habari hii nisingeiandika leo.

Kaskazini mwa Peru lipo jangwa liitwalo Matacaballo, maana yake muua farasi. Mwalimu alifanya uamuzi ambao mpaka leo unanishangaza. Hakuwabebea farasi maji. Alipiga hesabu akaona kwamba nguvu watakayopoteza kwa kubeba mzigo wa maji mchangani ni kubwa kuliko faida ya kuyanywa. Aliwapumzisha na kuwanywesha vya kutosha kwanza, kisha akalivuka jangwa haraka, akitumia usiku kukwepa jua. Walitoka wazima. Huo si ujasiri wa kipumbavu. Ni ujasiri wa mtu aliyewajua wanyama wake.

Ecuador na Colombia mambo yalikuwa mengine. Kulikuwa na matope, mvua, madaraja ya kuning'inia yanayoyumba kama bembea, na popo wanyonya damu waliowaandama farasi usiku. Kutoka Colombia kwenda Panama hapakuwa na njia, kwani pale kati kuna misitu na vinamasi ambavyo hata leo havina barabara. Walipanda meli. Nicaragua nayo waliikwepa kwa meli kwa sababu ya vita.

Karibu na Mexico Gato aliumia mguu. Hapa ndipo namheshimu zaidi mwalimu huyu. Angeweza kumlazimisha ili rekodi isije ikawa na doa. Badala yake alimpeleka kwa treni mpaka jiji la Mexico akatibiwe, yeye akaendelea na Mancha. Baadaye Gato alipona, wakaungana tena.

Walipoingia Marekani, adui hakuwa tena jangwa wala popo, bali magari. Barabara zilijaa, na madereva hawakuwa na subira na mtu mwenye farasi wawili. Mjini St. Louis alimwacha Gato mahali salama, akamalizia na Mancha peke yake. Alifika Washington mwishoni mwa Agosti 1928, akapokelewa na Rais Calvin Coolidge. Septemba 20 alikuwa New York, akilakiwa kwa shangwe.

Safari nzima ilikuwa ya takriban kilomita 16,000. Kwa msomaji wa kwetu, ni sawa na kwenda na kurudi kwa reli kati ya Dar es Salaam na Kigoma zaidi ya mara sita. Ilichukua miaka mitatu na miezi mitano.

Nimepiga hesabu. Ukigawa umbali huo kwa siku zote, pamoja na zile za mapumziko, unapata kama kilomita 13 kwa siku. Mtu mzima anazitembea kwa saa tatu. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na mwalimu huyu aliuishi msemo huo bila kuujua.

Hata kurudi kwao kulikuwa na mkono wa Mungu. Walipangiwa kusafiri na meli ya Vestris, lakini Tschiffely aliahirisha ili atoe mhadhara kwenye chama cha National Geographic. Novemba 12, 1928 meli hiyo ilizama, na watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Mwalimu na farasi wake walirudi kwa meli nyingine, wakafika Buenos Aires Desemba mwaka huo, wakashangiliwa na umati.

Baadaye Tschiffely aliishi London akawa mwandishi. Kitabu cha safari yake kilitoka mwaka 1933 na kimesomwa katika lugha nyingi. Mancha na Gato hawakuuzwa wala hawakufanywa maonyesho ya sarakasi. Walirudishwa El Cardal wakala majani yao kwa amani. Gato alikufa mwaka 1944, Mancha mwaka 1947, wote wakiwa wamepita miaka 30. Ngozi zao zimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Luján, wamesimama kama walio hai.

Mwalimu mwenyewe alifariki London Januari 5, 1954, akiwa na miaka 58. Mwaka 1998 mabaki yake yalipelekwa El Cardal, akalazwa kwenye ardhi waliyozeekea rafiki zake. Mwaka uliofuata, Argentina ilipitisha sheria kuifanya Septemba 20, siku ile ya New York, kuwa Siku ya Taifa ya Farasi.

Na Criollo je? Alipona. Hadi leo wafugaji wake wana mashindano yaitwayo La Marcha, ya kilomita 750 kwa siku 14. Farasi hubeba kilo 110 na hula majani ya malisho tu. Anayeyamaliza akiwa mzima ndiye anayefaa kuendeleza mbegu. Kule California, Marekani, yapo mashindano ya Tevis, yaliyoanza mwaka 1955, ya maili 100 ndani ya saa 24. Madaktari wa mifugo huwapima farasi njiani na kuwatoa walioelemewa, na ipo zawadi maalumu kwa farasi aliyefika akiwa na afya nzuri kuliko wenzake. Mongolia nako yalianzishwa ya kilomita 1,000 mwaka 2009, lakini mpandaji hubadilishiwa farasi kila baada ya kilomita 40 hivi.

Fedha zikizidi, somo husahaulika. Mwaka 2015 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi lilisimamisha uanachama wa Umoja wa Falme za Kiarabu kwa sababu ya jinsi farasi walivyotendewa kwenye mbio ndefu. Kasi ilikuwa imewekwa mbele ya uhai.

Mimi sina farasi, na pengine sitakuwa naye. Lakini kila siku barabarani nawaona punda wanaovuta mikokoteni ya maji na magunia, wana vidonda mgongoni, na fimbo haiwaachi. Wenye punda hao si watu wabaya, wanatafuta riziki. Ningependa tu wajue habari za mwalimu aliyekwenda kilomita 16,000 na wanyama wazee, ambaye kila jioni aliwanywesha wao kwanza. Mnyama anayetunzwa hivyo hukufikisha mbali, na kesho yake anaamka akiwa tayari kwa kazi.