William Coley, tabibu aliyeichokoza kinga ya mwili

ALIPOFARIKI Aprili 16, 1936 jijini New York, Dkt William Bradley Coley alikuwa amewaona wenzake wengi wakiipa kisogo dawa ya saratani aliyoihangaikia kwa zaidi ya miaka 40.

Coley alizaliwa mwaka wa 1862 katika jimbo la Connecticut, Marekani, na kuhitimu udaktari Harvard mnamo 1888. Alikuwa mpasuaji chipukizi alipoletewa msichana wa miaka 17 mwenye saratani mkononi. Aliukata mkono huo, lakini wapi! Januari 1891 msichana akaaga dunia.

Kifo hicho kilimtikisa. Akipekua faili za zamani za hospitali, alikutana na habari za mhamiaji kutoka Ujerumani aliyepasuliwa uvimbe shingoni mara kadhaa bila mafanikio, kisha akashikwa na maambukizi makali ya ngozi. Homa ilipanda, na uvimbe ukayeyuka. Coley alimsaka mtu huyo mitaani mwenyewe hadi akampata, buheri wa afya.

Ndipo akathubutu jambo ambalo leo lisingeruhusiwa: aliwadunga wagonjwa bakteria hai. Mmoja wao, Mwitaliano aliyekuwa mahututi, aliishi miaka minane zaidi. Wawili wengine waliuawa na maambukizi hayo. Coley akageukia mchanganyiko wa bakteria waliouawa kwa joto, na Januari 1893 akaanza kumdunga kijana wa miaka 16 mwenye uvimbe mkubwa tumboni. Kijana huyo aliishi miaka 26, hadi moyo ulipomsaliti.

Hata hivyo, wapinzani wake, miongoni mwao Dkt James Ewing aliyeshabikia miale ya radiamu, hawakukosa hoja. Dawa ilitengenezwa kwa namna tofauti tofauti, rekodi zilikuwa na mapengo, naye Coley hakuweza kueleza kwa nini huyu apone na yule afe. Bintiye, Helen Coley Nauts, ndiye aliyezikusanya rekodi hizo baada ya kifo chake, na mnamo 1953 akaanzisha taasisi ya kufadhili utafiti wa kinga dhidi ya saratani.

Baadaye ilibainika kuwa seli za kinga zina breki, na kwamba saratani hujua kuzikanyaga. James Allison na Tasuku Honjo walituzwa Nobeli mwaka wa 2018 kwa kuonyesha kwamba breki hizo zinaweza kuachiliwa. Wengine wameamua kuizima kabisa jeni inayoziunda. Mnamo 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitangaza matokeo ya wagonjwa watatu waliotolewa seli za kinga, zikazimwa jeni tatu, ikiwemo ya breki iitwayo PD-1, kisha wakarudishiwa. Seli hizo zilidumu mwilini hadi miezi tisa bila kuleta madhara makubwa, ingawa saratani yenyewe haikukoma.